Kazi ya Kuitikia

Mliponiaga mwezi uliopita, walimu wenzangu, mlinipa vitenge viwili, blanketi na saa ya ukutani. Saa nimeitundika jikoni, ingawa sijui mtu aliyestaafu anaitazama ya nini. Kisha Mwalimu Neema akasimama mbele ya wageni akasema, "Mama Tusa, usiondoke na mambo yote kichwani. Tuandikie na sisi." Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau na nimefurahi. Asubuhi yake nikajuta kidogo, lakini nimekaa, naandika.

Habari za madaraja, vyeo na nani alichelewesha uhamisho wangu hamtazikuta hapa. Zimo kwenye faili langu masijala, na mwenye kuzipenda akazisome huko. Mimi nataka kuwaeleza juu ya watoto ambao maneno huwagomea, na juu ya kitu kimoja nilichochelewa kukijua, ambacho nilipokijua kilinifanya nijivunie kazi hii mpaka leo.

Nilianzia Iringa, kwenye kitengo cha elimu maalumu nyuma ya shule moja ya msingi. Nilikuwa binti wa Tukuyu, cheti kipya mkononi na sweta moja, nikidhani baridi naijua. Baridi ya kwetu ina mvua. Ya Iringa ina upepo, na upepo ule uliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi kwa sababu chumba kilikuwa zamani stoo ya majembe na madirisha yake yalikuwa matundu. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa viziwi, mmoja alikuwa haoni vizuri, na waliobaki walikuwa wale ambao kila mwalimu wa shule ile alishindwa kuwaelewa akasema, "Wapelekeni kule kitengoni kwa Mgaya."

Hao waliobaki ndio walionichukua moyo. Mtoto anasikia vizuri. Akili anayo, ukimtuma kuni tatu analeta tatu, na dukani haibiwi chenji. Lakini mwambie akueleze jana kulitokea nini njiani, hapo ndipo shughuli inapoanza. Anasema "kile", "yule", "akafanya hivi". Anaanzia mwisho, anarukia mwanzo, neno analolitaka linamkwepa, halafu anabaki anakutazama. Darasani wanamwita bubu na nyumbani wanamwita mkaidi. Yeye mwenyewe hana la kujibu, maana kujibu ndiko kunakomshinda.

Tuliwapima kwa hadithi. Unampa mtoto kadi sita za picha, unamwambia azitazame kisha asimulie. Kadi tulizozikuta zilitoka mbali. Zilikuwa na watoto wanajenga nyumba ya mchanga kando ya bahari. Mtoto mmoja wa Kihehe aliitazama ile bahari kwa muda mrefu, akasema ni kabichi nyingi sana. Nikamwomba mwalimu wa sanaa atuchoree nyingine. Akachora msichana anayetoka shule, anaweka daftari lake juu ya jiwe ili akinge maji bombani, mbuzi anakuja anatafuna daftari, msichana analia, mama anafika mbio, na mwishoni msichana anaandika kwenye daftari jipya huku mbuzi amefungwa. Ilikuwa hadithi nzuri, ila mbuzi wake alifanana mno na mbwa. Kwa miaka yangu yote kazini karibu watoto wote wamesema mbwa amekula daftari, na nimewapa alama zao zote.

Pamoja na kadi kulikuwa na karatasi ya masharti. Sharti la kwanza lilikuwa hili: mpimaji akae kimya. Asitikise kichwa, asitabasamu, asiseme neno lolote mpaka mtoto anyamaze kwa sekunde kumi, na hapo hadithi ihesabiwe imekwisha. Nililishika sharti hilo kama amri ya kanisani. Nyumbani kwetu tulizaliwa tisa, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote, kwa hiyo kunyamaza kwangu niliona ni utaalamu hasa. Nilikaa wima, mikono juu ya meza, macho kwa mtoto, saa ya kuhesabia sekunde pembeni.

Mtoto wa tano niliyempima alikuwa Festo, wa miaka tisa, mtoto wa mama muuza viazi. Alizitazama kadi vizuri, moja moja, na kwenye kadi ya mbuzi akacheka. Kisha akaanza.

"Huyu... ametoka. Akaweka."

Akanitazama. Mimi nilikuwa kimya kama karatasi ilivyotaka.

"Akaweka hapa," akasema, sauti imeshuka.

Akanitazama tena. Akainamisha kichwa na kuanza kukichezea kifungo cha shati. Sekunde kumi zikapita. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista: Hawezi kusimulia. Uwezo wa akili ni hafifu. Fomu ikaondoka na barua za Jumatatu kwenda ofisini.

Mwalimu Mgaya, mkuu wa kitengo, alikuwa likizo kwao Njombe. Alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, mwenye koti la kahawia ambalo mifuko yake ilibeba kila kitu isipokuwa leso. Aliporudi aliniamkia, "Kamwene, dada," akavuta faili, akasoma nakala ya fomu ya Festo, akairudisha mahali pake. Mimi nikadhani amependezwa na mwandiko.

Ijumaa kitengo chetu kilikuwa na zamu ya kuchambua maharage ya makande ya shule. Watoto walikaa kuzunguka turubai, na sisi walimu pamoja nao, tunatoa mawe na punje zilizooza. Mgaya akamwita Festo akae karibu yake. Akatoa zile kadi kwenye mfuko wa koti, akazipanga juu ya gunia, akaendelea kuchambua bila kumtazama mtoto.

"Enhee, Festo. Nasikia huyu hapa alikuwa na mbwa."

"Mbuzi," Festo akasema.

"Mbuzi!"

"Mbuzi, mwalimu. Ana pembe hapa."

Kweli, ukiitazama ile kadi kwa makini kulikuwa na vijipembe viwili. Watu wote tulikuwa tumeona mbwa. Mtoto niliyeandika kwamba akili yake ni hafifu ndiye pekee aliyeona mbuzi.

"Ehee. Mbuzi," akasema Mgaya, na jiwe moja akalirusha nje.

"Huyu kaweka... hii ya kuandika. Juu. Akaenda maji."

"Akaenda maji."

"Mbuzi akaja."

"Akaja! Ikawaje?"

"Akala! Akala yote, na hii ya juu, gamba. Huyu akalia. Mama akaja na fimbo."

"Lo! Halafu?"

Festo alifika kadi ya sita. Lugha yake ilikuwa na mashimo kila mahali, daftari hakulitaja kwa jina hata mara moja, na kati ya kadi ya nne na ya tano alirudi nyuma akaanza upya. Lakini hadithi ilikuwa na mwanzo, ina mkosaji, ina kilio na ina mwisho. Watoto wengine walikuwa wameacha maharage wanamsikiliza. Mimi uso uliniwaka moto licha ya ule upepo wote wa Iringa.

Mgaya akamuuliza, kwa upole uleule, "Mbona kwa Mwalimu Tusa hukusimulia hivi?"

Festo akanitupia jicho. "Mwalimu alikasirika."

"Sikukasirika, Festo," nikasema.

"Ulinyamaza."

Watoto walipokwenda kula, Mgaya alibaki ananisaidia kukunja turubai. Nikaanza kujitetea. Nilimwambia karatasi inakataza kumsaidia mtoto, na yeye amemsaidia.

"Kumsaidia ni kumpa neno lake," akasema. "Haya, mimi nimempa neno gani? Hesabu."

Nikahesabu. Ehee. Mbwa, ambalo Festo alilikataa. Mbuzi, ambalo mwenyewe ndiye aliyelitaja. Akaenda maji, lake. Akaja, lake. Ikawaje. Lo. Halafu. Hakumpa hata neno moja la hadithi ile.

"Sasa niambie. Kwenu Tukuyu, mtoto akiwa anasema, mtu mzima akamkazia macho na kunyamaza, maana yake nini?"

Hakuhitaji jibu. Kwetu, na kwao, na kwa kila kabila ninalolijua kuanzia pale mpaka mpakani, maana yake ni: hebu malizia, upate unachokitafuta. Nikamkumbuka bibi yangu aliyekuwa akisimulia jikoni tukimenya ndizi. Kila sentensi yake ilikuwa na mtu wa kuiitikia, na siku ambayo wote tulisinzia alikatiza katikati akasema hawezi kuyasimulia mafiga. Bibi mwenyewe, msimulizi wa kijiji kizima, asingefika hata kadi ya pili mbele yangu.

"Hadithi inabebwa na watu wawili," Mgaya akasema. "Ukiachia upande wako halafu ikianguka, usimwandike mtoto."

Fomu ilikuwa imekwenda na haikurudi kirahisi. Festo alihamishiwa meza ya pembeni, kwa watoto wanaolinganisha rangi za vifuniko vya chupa, na kumtoa pale kulichukua muhula mzima. Mgaya alinifanya niandike barua ya kukanusha kwa mkono wangu, bila kuficha, kisha nikaenda kwa mama yake Festo kumwambia. Nilimkuta anapanga viazi kwenye madebe. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, kufanya kosa si kosa. Kosa kurudia kosa." Akanifungia viazi nibebe. Nililia njiani, na viazi vile nilivila kwa aibu, ingawa vilikuwa vizuri.

Tangu siku hiyo nilitembea na kilo moja ya maharage yasiyochambuliwa kwenye mkoba. Mnayajua. Msidhani ilikuwa kituko cha uzee. Mikono ya mtoto ikiwa na kazi, hofu inapungua. Macho yako yakiwa kwenye maharage hayako usoni kwake. Na wewe mwenyewe ukiwa na la kufanya hutakimbilia kumpa neno linalomkwama, jambo ambalo ni ugonjwa wa walimu wote, mimi nikiwa wa kwanza. Unairudia kauli yake ya mwisho kama alivyoisema, hata kama imepinda. Unauliza ikawaje. Akirudi nyuma, unarudi naye. Wapo waliodhani nina biashara. Mlinzi wa ofisi moja aliwahi kuniuliza bei.

Nilipohamia Mbeya nilijifunza la pili. Watoto wetu wana lugha ya nyumbani na lugha ya darasani. Mtoto wa Kisafwa aliyeletwa kwangu kutoka milimani juu ya Mbalizi, nikaambiwa hajui kusema, alisimulia kwa shangazi yake mpaka shangazi akachoka. Yule hakuwa na tatizo lolote ila Kiswahili chetu. Kwa hiyo kabla hamjaandika kitu, ulizeni nyumbani: na kwa lugha yenu je? Akikwama kote kuwili, hapo kweli lugha yenyewe inamsumbua, na kazi inaanza. Asipokwama nyumbani, mrudisheni darasani na mmwambie mwalimu wake apunguze haraka.

Sasa niwaambie habari ya Minza, kwa sababu ndiyo mnayoiulizia kila mara na hakuna kati yenu aliyekuwepo.

Minza alikuwa na miaka kumi na mmoja, binti wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Usangu na kujenga nje kidogo ya Igawa. Baba yake aliitwa Mzee Masanja. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeniita. Nikamuuliza mama yake lile swali langu, akasema hata kwa Kisukuma Minza alichelewa kuongea, na mpaka sasa akitumwa kupeleka habari kwa jirani, habari inafika vipande. Basi kwa mihula miwili nilikwenda Igawa kila wiki. Tulichambua maharage. Alifinyanga ng'ombe wa udongo akawapanga kwa mstari, huyu kwanza, huyu halafu, na kwa njia hiyo akajifunza kupanga maneno. Alikuwa anasonga mbele. Polepole, lakini anasonga.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Masika yaliyotangulia Minza alikwenda kuchunga akarudi akiwa amepoteza ndama. Baba alimuuliza, hakueleza. Kuanzia siku hiyo Mzee Masanja hakumsemesha mtoto wake ila kwa kumtuma. Akaja shule akamwambia Mwalimu Mkuu, "Hii mtoto ubongo yake haiko sawa. Ng'ombe anapoteza, kusema hasemi. Wacha akae na mama yake tu."

Mwalimu Mkuu akaomba subira mpaka mpimaji afike. Mpango ulikuwa hivi: fomu ikisema akili yake ni hafifu, Minza atafutwa darasani na kupelekwa kitengo cha mjini Mbeya. Na Mzee Masanja alikuwa ameshasema wazi kwamba mjini hampeleki. Kwa hiyo fomu ile ndiyo iliyokuwa shule yake yote. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Mpimaji alikuwa kijana anaitwa Elia, nadhifu, ana shahada, na simu yenye kuhesabu sekunde. Tulikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu: mwenyewe Mwalimu Mkuu, Elia, Mzee Masanja na fimbo yake ya kuchungia, Minza, na mimi. Nikamwamkia mzee, "Mwangaluka, Baba Minza," akaniitikia kwa heshima, lakini mtoto hakumtazama. Elia akazipanga kadi zetu za mbuzi mezani, akatoa karatasi ya masharti. Ilikuwa ileile ya Iringa, imechapwa upya tu. Na mimi nikatoa maharage yangu.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Vifaa," nikasema.

Akatabasamu kwa adabu, akayasogeza pembeni. "Naomba sasa wote tunyamaze. Minza, tusimulie."

Minza akaishika kadi ya kwanza. "Dada... daftari. Akaweka." Ofisi nzima kimya, macho yote kwake. Akamtazama baba yake. Mzee Masanja alikuwa anatazama sakafu. Nilimwona mtoto anazima, vilevile kama Festo, mpaka vidole vikaenda kwenye kifungo cha sare. Sekunde kumi zikaisha na kalamu ya Elia ikanyanyuka.

"Mwanangu," nikamwambia, "kabla hujaandika, nisaidie jambo dogo. Tusimulie wewe safari yako ya leo, kutoka Mbeya mpaka hapa."

Alishangaa, lakini kijana aliyelelewa vizuri hamkatalii mama. "Nimetoka Mbeya alfajiri. Nikapanda gari. Tukafika Uyole..."

Nikamkazia macho, mikono juu ya meza, kama nilivyofanya ujana wangu. Mwalimu Mkuu, ambaye si mjinga, akanielewa na kufanya hivyohivyo. Mzee Masanja alikuwa tayari kimya.

"Tukafika Chimala... eeh, gari likapata pancha. Basi... ikazibwa." Akajikohoza. "Halafu... tukaja. Sasa mbona mnaniangalia hivyo?"

"Umekwama sekunde saba," nikasema. "Na pancha yenyewe hatujui nani aliiziba. Niandike nini kuhusu akili yako?"

Elia alicheka yeye kwanza, na kwa hilo nilimpenda. Akajifuta jasho kwenye paji la uso. "Haya, Mama. Fanya unavyofanya wewe. Lakini ukimpa neno hata moja, nitaliandika."

"Liandike."

Nikamwaga maharage mezani, nikagawa mafungu matano. Mwalimu Mkuu akaanza kuchambua. Elia akaanza. Mzee Masanja alilitazama fungu lake kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake, maana kwao ile si kazi ya mwanamume, kisha akavuta punje moja, na ya pili. Nikauliza kama mtoto anaruhusiwa kusimulia tukio lake mwenyewe badala ya picha. Elia akapekua karatasi, akasema inaruhusu.

"Minza, chagua wewe," nikasema.

Nilitegemea atachagua mbuzi, maana alimjua kwa moyo. Minza akachukua maharage matano, akayapanga mbele yake kwa mstari kama alivyopanga ng'ombe wake wa udongo. Akasema, "Ndama."

Mkono wa Mzee Masanja ukasimama. Niwaambie kweli, niliogopa. Nilitaka kumrudisha kwa mbuzi. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia, sikujua inaishia wapi, na kama ingeishia pabaya ingeishia mbele ya baba na mbele ya fomu. Lakini mwitikiaji hachagui hadithi.

"Ehee," nikasema. "Ndama."

"Ndama... maji. Hapana." Akafuta hewani kwa kiganja. "Kwanza mimi na ng'ombe. Hapa."

"Kwanza wewe na ng'ombe."

"Mfereji hapa." Akachukua penseli ya Elia akailaza mezani. "Maji kidogo. Ndama akaingia, akanywa. Halafu... kule... ile... ile chuma..."

Mikono yake ikazungusha kitu kikubwa. Neno halikuja. Kila mtu aliyepita mashamba ya mpunga ya Mbarali anaijua ile chuma, na neno lilikuwa mdomoni kwangu, lango, lango la maji, limekaa juu ya ulimi tayari kuruka. Nimefanya kazi nyingi ngumu. Kulimeza neno lile ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

"Ehee," nikasema. "Ile chuma."

"Mtu akazungusha chuma. Maji yakaja! Mengi!"

"Yakaja!"

Sikusema mimi. Alikuwa Mzee Masanja.

Minza akamgeukia. Nikainama kwenye maharage yangu na sikuinua uso tena, kwa sababu zamu haikuwa yangu.

"Yakaja, baba. Ndama akaenda. Nikashika mkia. Nikashika... nikashika. Kiatu ikaenda. Nikaanguka."

"Ikawaje?"

"Mkia ikatoka." Akakunjua kiganja chake kitupu, akamwonyesha. "Nikakimbia pembeni, mpaka darajani. Hayupo. Nikaita. Hayupo. Nikarudi kwa wengine. Nikahesabu." Akaondoa harage moja kwenye mstari. "Nne. Nikaleta nne nyumbani."

Hadithi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa na mwanzo na mwisho, na kila tukio limekaa mahali pake, hata lile alilokosea mwanzoni alilirudia akalinyoosha mwenyewe. Niliwafundisha watoto wengi katika maisha yangu. Siku ile nilikuwa na fahari mpaka kifua kikauma.

"Ulikuja umeloa," Mzee Masanja akasema taratibu. "Siku ile. Umeloa, na kiatu moja. Niliona." Akalisogeza fungu lake pembeni. "Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Minza alichukua muda mrefu. Hakuna aliyehesabu sekunde.

"Nilianza," akasema. "Ukanyamaza."

Mzee Masanja aliweka fimbo yake chini, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, akasema maneno machache kwa Kisukuma ambayo hakutafsiri na sisi hatukuomba. Mwalimu Mkuu akaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi tayari. Elia akaivuta fomu. Kuna mstari pale unauliza: Je, mtoto alisaidiwa? Akanitazama, akapitia alichokiandika pembeni, neno kwa neno, kama nilivyowahi kuhesabu mimi juu ya turubai la Iringa. Akaandika, Hapana. Chini yake akaandika kwamba mtoto ana shida ya lugha, akili yake ni timamu, abaki darasani kwake na apewe vipindi viwili kwa wiki vya mwalimu wa kitengo.

Minza alimaliza darasa la saba pale pale Igawa. Elia yupo, na nasikia siku hizi anatembea na njegere. Kila fundi na ufundi wake. Maharage yangu nimeyaacha kwenye droo ya chini, upande wa dirisha, pamoja na kadi za mbuzi. Neema, msiyapike.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni walivyoondoka siku ile. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Mzee Masanja alikuwa na baiskeli, na badala ya kuipanda aliikokota, ili aende sawa na hatua za mtoto. Minza alikuwa anaongea, mikono hewani, anaanza upya, anarudi nyuma, kwa lugha ambayo mimi naijua salamu yake tu. Walipofika kwenye ua wa shule upepo ukanigeuzia sauti zao, na kwa yote waliyokuwa wakisema nililielewa neno moja, la baba yake.

"Ehee."